Vyumba Viwili Visivyo na Bati

Mume wangu alikufa kuta za vyumba viwili zikiwa zimefika kwenye lenta, juu ya milango. Alikuwa na kawaida yake. Jioni akiacha kazi, anachomeka mwiko wa kujengea kwenye udongo mbichi kati ya matofali, pale atakapoanzia kesho. Jioni ya mwisho aliuchomeka hivyo, akaingia ndani, akanywa uji, akalala. Hakuamka.

Sikuutoa ule mwiko. Shule niliishia darasa la tatu, siwezi kueleza mambo marefu. Niliona tu kwamba kuutoa si kazi yangu.

Tulimzika kwenye kiwanja chetu hapa Tumati, hatua chache kutoka kwenye vyumba vyake, tukapanga mawe. Masika manne yamepita, na kila masika ukuta unaliwa kidogo na mvua. Mchana, nikiwa jikoni, nilikuwa nasikia tofali linagongwa, ko, ko, kama alivyokuwa akiliweka sawa. Nikitoka, hakuna mtu. Sikumwambia yeyote. Wangesema bibi ameanza kuzeeka vibaya.

Binti yangu anashona nguo mjini Dongobesh. Alikuwa amepanga chumba kimoja na watoto wake watatu, na mwenye nyumba akamwambia ahame. Akaenda benki kuomba mkopo amalizie vyumba vya baba yake, ahamie kwangu. Benki wakataka nyumba iwe rehani. Hati ina jina langu, kwa hiyo nisaini mimi. Lakini kwanza aje mthamini, aangalie nyumba ina thamani gani.

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta binti yangu ametandika turubai juu ya kaburi, anaanika mahindi.

"Hayo mahindi yamekauka tangu mwezi uliopita," nikamwambia.

"Mama, wakiona kaburi watatunyima mkopo."

"Huyo ni baba yako."

"Najua. Ndiyo maana nimemfunika vizuri, asipigwe na baridi."

Nilitaka kucheka. Watoto watatu hawana pa kulala. Nikaliacha turubai lilipo.

Mthamini alikuwa mama wa makamo, amevaa buti. "Shikamoo, bibi." Nikamwitikia, nikampa kigoda, akakataa kukaa. Alipima nyumba tunayolala, kisha akaingia kwenye vile vyumba. Alishangaa kukuta chini kumefagiliwa. Akaona mwiko.

"Kazi inaendelea, au imesimama? Nikiandika imetelekezwa, benki watakataa. Fundi yuko wapi?"

Binti yangu akawahi. "Amekwenda msibani, kijiji cha Daudi. Atarudi."

Hapo nikasikia, ko, ko, nyuma yangu. Mthamini hakugeuka. Binti yangu hakugeuka. Nilisikia peke yangu, na miguu ikaniambia nitoke.

Nikatoka. Nikashika pembe ya turubai nikavuta, mahindi yakamwagika kwenye majani.

"Fundi ndiye huyu," nikasema. "Hakwenda kokote."

Binti yangu alikaa chini palepale, akaanza kuokota mahindi punje moja moja. "Mama, umenimaliza," akasema polepole, bila kuniangalia.

Mthamini alifungua daftari lake mbele ya mawe. "Bibi, lazima niliandike. Kaburi linashusha thamani. Benki wanaogopa nyumba ya namna hii, siku wakitaka kuiuza hawapati mnunuzi."

"Waogope," nikasema. "Nitasaini nyumba. Yeye simsaini."

Hakuandika imetelekezwa. Aliandika haijakamilika. Mkopo ukatoka, lakini wa chumba kimoja tu. Binti yangu hakusema nami wiki nzima, na sikumwomba msamaha. Kuficha kulikuwa kwake, kufunua kulikuwa kwangu.

Fundi mpya alipokuja aliuliza aanze chumba kipi. Nikamwonyesha chenye mwiko. Akaushika, akauvuta, ukatoka bila taabu. Udongo uliokuwa umeushika ulikuwa mbichi.

"Ni mvua hii," akasema.

Ilikuwa kiangazi, hata ng'ombe tulikuwa tunawapeleka mbali kunywa. Binti yangu aliugusa ule udongo kwa kidole, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akauchukua mwiko mkononi mwa fundi, akaenda kuuweka juu ya mawe ya baba yake.

Sasa analala na wanawe kwenye chumba chenye bati. Kile cha pili bado kiko wazi, na mchana kinagongwa. Juzi aliacha kushona, akainua kichwa, akasikiliza. Sikumuuliza amesikia nini.