Jina la Kwabena kwa Herufi za Wanene

Amma Dufie alipanga herufi kwa miaka ishirini na miwili katika kiwanda kimoja cha uchapaji mjini Kumasi. Mji mzima uliijua kazi ya mkono wake, maana ilibandikwa kila ukuta: matangazo ya misiba. Herufi nyembamba zilikuwapo, za mialiko ya harusi na ratiba za kanisa. Lakini jina la marehemu halikupangwa ila kwa Wanene, seti ya herufi za mbao zenye nguzo nene na viuno vyembamba, kila moja imesimama kwa vijiguu bapa kama mtu aliyekataa kusukumwa. Ulilisoma jina ukiwa ng'ambo ya barabara, na ukishalisoma huna tena la kubisha.

Ndiyo sababu kwa miaka tisa alikataa kulipanga jina la mumewe, Kwabena Asiamah, aliyekwenda Libya asirudi wala kuandika. Mwishowe ukoo wa mume ukakata shauri: msiba ufanyike bila maiti. Dufie hakuulizwa, kwao mtu ni wa ukoo, si wa mkewe. Aliletewa karatasi tu. Akapanga, akachapa, akakaa matanga jicho kavu. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Wasemaji hawakosi.

Kazi ikiisha, herufi hurudishwa kwenye droo zikamngoje mwingine. Dufie hakuzirudisha. Aliliacha jina limefungwa kwenye fremu mezani, na kila alipopita alilisikia likimwita, kwa sauti ile ile ya mwanamume anayeulizia maji ya kuoga. Aliogopa kwamba likivunjwa, hatabakiwa na kitu cha kumshika.

"Dufie, mama, utaniulia kazi," alilalamika Mzee Bediako, mwenye kiwanda. "Wanene ni seti moja. Wafu wamepanga foleni!"

"Wasubiri. Wana haraka ya kwenda wapi?"

Jumatatu asubuhi akaja Eno Birago, muuza viazi vikuu sokoni. Mwanawe alikuwa ameanguka kutoka juu ya jengo alilokuwa akijenga, akafa. Mkononi alikuwa na kikaratasi: Kwabena Gyimah.

Dufie alikisoma mara mbili. Kumbe naye alizaliwa Jumanne, kama Kwabena wake. Siku ndiyo inayotoa jina.

"Mwanangu," Eno Birago alimwambia, "nitabandika nini ukutani? Watu watajuaje?"

"Kaa, mama. Kaa hapo."

Akafungua fremu. Akaondoa Asiamah, herufi moja moja, akafuta wino, akazirudisha kwenye droo. Jina Kwabena hakuligusa. Aliona kama anamwazima mumewe akazikwe na watu wengine. Akapanga Gyimah, akapaka wino, akatoa karatasi ya kwanza.

Eno Birago aliipokea kwa mikono miwili, akalisoma jina, akapiga ukelele. "Kwabena ee! Kwabena, unaniacha na nani?"

Dufie akaiacha fremu. Akaketi sakafuni kando ya mama yule, akaita naye, "Kwabena ee! Kwabena!", mpaka wenzake wakazima mashine zote.