Kicheko nyuma ya ukuta wa depo

Juzi nilikuta mafundi wakibomoa ukuta wa depo, ghala la zamani la pamba, ili wauze matofali. Nikasimama mbele ya nyundo zao, mtoto mgongoni. "Weye mama, toka hapo!" wakafoka. Sikutoka.

Wakati wa vita, askari waliotekwa walifungiwa mule. Alasiri moja, nikiwa mtoto mdogo, mama alinipeleka, amebeba bugali na ndagala, wale dagaa wakavu, harufu ikinitesa njia nzima. Alikuwa akimtafuta mjomba, mdogo wake. Hatukujua kama yuko hai.

"Huyo hatuko naye hapa," mlinzi akasema. Mama akaanza kulia.

Leo najua kwamba mjomba alikuwa ametoa jina la uongo. Siku ile nilijua tu nilichokiona kwenye tundu la mlango: wanaume walionyolewa kipara, wamepanga mstari na sahani zao, wakiimba. Kwetu, walionyolewa hivyo ni wanafunzi wa internat, shule ya bweni. Nikapiga kelele: "Mama, na miye uniandikishe kwenye hii masomo!"

Ndani wakaangua kicheko. Kimoja kilipanda juu ya vingine, kama mbuzi anayeita wenzake. Mama akaacha kulia papo hapo.

"Ni yeye! Huyo mjinga ni yeye!" Akamsukumia mlinzi chakula. "Mupelekee huyo mwenye kucheka kama mbuzi!"

Basi juzi nikaagiza mjomba aitwe. Akaja na fimbo yake, akasikia nikiwagombeza mafundi kwamba nyuma ya ukuta huu ndipo tulipomtambua kwa kicheko chake, akacheka vilevile, kama mbuzi. Wale mafundi wajinga nao wakacheka, wakaweka nyundo chini.