Nilivyoishibisha moto ya baba ikagoma kupanda Lemera

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira, huku ncha ya juu ya Ziwa Tanganyika.

Kisa hiki kilinipata mwenyewe na sijakitia chumvi. Mwenye kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka chini, maana humu kuna watu wanakomenti wakiwa bado kwenye kichwa cha habari.

Mimi ni fundi wa pikipiki, nina kibanda mtaa wa Kimanga. Huku kwetu pikipiki inaitwa moto, kwa hiyo nikiandika moto msikimbilie kuleta ndoo za maji.

Baba yangu ana moto ya zamani, ile ya siti ndefu na ya chini. Enzi zake alikuwa mwalimu wa kwaya, na ndiyo aliyokuwa akizungukia makanisa ya milimani. Siku hizi haendeshi tena. Nyonga yake ni mbovu na hizi moto mpya zenye siti juu hawezi hata kupandisha mguu.

Sasa baba ana dada mmoja tu aliyebaki, shangazi Esta, anaishi kwenye vilima vya juu ya Lemera.

Siku moja binamu yangu, mtoto wa shangazi, akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu. Shangazi ameacha kula, na kila anayeingia chumbani anamuuliza kama kaka yake amefika.

Baba alisikiliza, akarudia kusikiliza, kisha akaanza kutafuta koti lake.

Mvua ilikuwa imekata barabara na magari hayapandi. Moto inayoweza kumbeba baba ni ile ya kwake tu. Kwa hiyo ilikuwa ni ile, au dada yake aondoke bila kumwona.

Hapa niwaeleze desturi yetu mafundi wa ziwani.

Ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kuna sindano ya shaba, imeshikwa na kilipu, na juu yake ina vijino. Ukiinua sindano, petroli inapita nyingi. Ukiishusha, inapita kidogo. Pembeni kuna skrubu ndogo ya hewa, ukiibana hewa inapungua.

Mtu akija akasema anapanda Lemera, sisi tunainua sindano mpaka kijino cha mwisho na tunabana ile skrubu ya hewa. Tunaita kuishibisha. Mlima ni kazi nzito, moto inatakiwa kula kwanza vizuri ndipo isafiri. Uliza fundi yeyote wa Kimanga, atakuambia hivyo hivyo, tena atakushangaa kwa kuuliza.

Basi nikaishibisha ile moto kweli kweli.

Asubuhi nikamfunga baba kiunoni kwangu kwa kitenge cha mke wangu, kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni. Tofauti ni kwamba mtoto huyu ana mvi na anatoa amri.

"Polepole. Weye, angalia ile shimo. Iko mbele yako, ile."

Kwenye tambarare ya Ruzizi tulienda. Moto ilikuwa nzito kidogo na inatoa moshi mweusi, nikajisemea ndiyo shibe yenyewe.

Tulipoacha barabara kubwa na kuanza kupanda, mambo yakageuka. Inakohoa. Inapiga mafataki. Nguvu inapungua kila kona, narudisha gia, narudisha tena. Mwisho ikazima katikati ya mlima, Lemera bado mbali na nyumba hata moja haionekani.

Nikafungua buji, ile mnayoiita plagi. Nyeusi kama sufuria la maharage, na imelowa petroli. Nikaifuta, nikapiga kiki, ikasogea kidogo ikazima tena. Nikavuta choki, ile ya kubana hewa ili petroli iingie zaidi, nikidhani bado ina njaa. Ikafa hapo hapo.

Wakuu, niliogopa. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkono kifuani, anahema.

"Papa, uko muzima?"

"Niko muzima. Pumuzi tu ndiyo inapunguka. Huku juu iko vile. Nilikuwa naleta kwaya ya Uvira, ule mustari beko naimba na pumuzi moja kule chini, huku beko naukata katikati. Hewa ya huku ni kidogo, mutoto wangu. Weye haujuwe?"

Nikaitazama tena ile buji nyeusi.

Hewa ya huku ni kidogo. Hilo nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua jina la jirani, sijawahi kulifikiria hata siku moja nikiwa na bisibisi. Kama baba anakosa pumzi, hii injini inavuta nini? Mimi nimeijaza petroli mpaka kooni, halafu na kale kahewa kadogo kalikokuwepo nimekabana kwa skrubu.

Sikukimbilia kuamini. Nikatoa kwanza chujio la hewa, nikapiga kiki.

Ikawaka. Nikavuta mafuta, mlio ukapanda bila kukohoa.

Nikarudisha chujio, nikafunga petroli, nikafungua kabureta, nikaishusha sindano kinyume na kila nilichofundishwa. Kisha nikawasha, nikaanza kufungua skrubu ya hewa taratibu, nasikiliza. Kidogo. Kidogo tena. Kuna mahali mlio ukajikusanya, ukawa mmoja, mkavu, safi. Nikatoa mkono.

Nikageuka nikaangalia tulikotoka. Tambarare yote ilikuwa chini, mto Ruzizi unapinda pinda, na mbali kusini ziwa limelala likiwa na Uvira yetu pembeni. Pale katikati, kati yangu na Kimanga, sikuona kitu. Lakini kulikuwa na kitu. Hewa yote ile nzito ya ziwani tumeiacha kule chini, na kasindano kembamba kuliko njiti ya kiberiti kameliona hilo wakati mimi mwenye macho sijaliona.

Nimeshika kabureta tangu ujana, na siku ile niliiogopa kidogo, kwa heshima.

"Umemaliza?" baba akauliza.

"Nimemaliza, papa."

"Basi tuende."

Moto ikapanda. Sijui niwaambieje, ilipanda kama inapajua. Baba nyuma akaacha kutoa amri.

Tulipopita Lemera na kushika kanjia ka kwenda kwa shangazi, niliona watu wamesimama uani. Shangazi alikuwa nje, amekaa kwenye kiti, amefunikwa blanketi. Kando yake kuna kiti kingine, kitupu.

Nikadhani wametuona kutoka mbali. Binamu akasema hapana, kutoka pale huwezi kuona njia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona kitu asichokielewa.

Shangazi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo:

"Nilisikia moto ya kaka yangu toka kule chini. Nikabaambia balete viti bibili inje. Bakasema niko naota."

Binamu akanivuta pembeni akanieleza. Wiki nzima moto zilikuwa zikipita, na mama yake hakuwahi kuinua kichwa.

Baba alikaa kwenye kile kiti, akamshika mkono. Baadaye kidogo shangazi aliomba uji, akanywa.

Baba alikataa kushuka na mimi. Akabaki huko, na shangazi alipotuacha, alikuwa ameshikwa mkono na kaka yake.

Kwa wale wa ufundi: wakati wa kurudi, nilipofika chini injini ilianza kuchemka na kugonga, kwa sababu sasa hewa ni nyingi na petroli ni kidogo. Nikasimama nikairudisha sindano juu. Kwa hiyo somo ni hili, ukipanda punguza petroli, ukishuka iongeze, na buji itakuambia ukweli. Kimanga wengine bado wananibishia. Waache, mlima upo, waende wakajaribu.

Ila lililobaki moyoni mwangu ni jingine. Enzi za baba, kabla fundi yeyote hajaishibisha, moto hiyo ilikuwa na mlio wake wa huko juu, mlio wa hewa ya kule, na shangazi aliutunza masikioni miaka yote baba hajapanda. Ningefika na ile shibe yangu ya ziwani, ikikohoa, angesikia moto tu inapita kama nyingine. Asingeomba viti.

Wakuu wa Mbeya, Njombe, Kabale na milima mingine, nyie sindano mnaiweka kijino gani? Na kama kuna mwingine amewahi kuona mgonjwa akimtambua ndugu yake kwa mlio wa injini, aandike hapa chini. Nitasoma zote.