Mushairi Mubaya wa Nyamitaba

Mimi sikumpenda. Niseme hivyo mapema, watu wasije kunitia maneno mdomoni. Alikuwa jirani yetu kule Nyamitaba, mulimaji wa maharagi kama sisi wote, na kwenye kila kilio, kabla ya sanduku kutoka uani, alisimama bila kuitwa, akavua kofia, akatoa shairi. Shairi gani sasa! Afe mzee, afe mama wa watoto, afe chifu mwenyewe, lilikuwa lilelile:

"Ulizaliwa ukiwa mutoto,
ukakufa umekwisha kukuwa.
Uliota moto, ukasema iko moto,
ulikuwa kwetu, na kwetu ulikuwa."

Haki ya Mungu, njo hiyo, ndilo shairi lote. Akina mama walijifunika vitenge usoni, mabega yakitikisika, mgeni akadhani wanalia. Mimi niliyesoma hadi sekondari nilichukia. Siku moja nikamwambia, "Papa, hapa kuna kilio, hakuna michezo."

Akanijibu kwa upole, "Mama, si nimetia na vina?"

Lakini asipofika, walewale waliomcheka walinung'unika, eti kilio kimepoa, wakamtuma mtu amwite. Shambani, wakipalilia, walilisema shairi lake kwa kichwa. Mahubiri ya padri hakuna aliyeyakumbuka hata jioni yake.

Kisha mtoto wangu wa kwanza akafa kwa homa, kabla hajajua kutembea. Nilikaa kwenye mkeka, macho makavu, nikamwona jirani anasimama na kuvua kofia. Nikajisemea, leo akithubutu namtupia kiatu.

"Ulizaliwa ukiwa mutoto," akasema.

Mstari wa pili haukuwezekana. Aliutafuta mwingine, midomo ikicheza, kofia ikizunguka mikononi, asipate kitu. Akakaa chini akalia kwa sauti, mwanaume mzima. Hapo na mimi machozi yakanitoka. Wengi walikuja kunipa pole, na wote nawashukuru, ila hakuna aliyenipa pole kama ile.

Vita ikatufukuza. Tukavuka hadi Walikale, tukafikia Mpofi, tukaomba mashamba kwa wenyeji. Huko njo jirani alipougua. Hata dawa hakuiulizia, hofu yake ilikuwa moja tu. "Huku hawanijui," alisema. "Mutanizika kimya kama mubwa?"

Mke wake akanishika mkono. "Mama, wewe njo ulisoma. Mutafutie maneno."

Nikamwahidi, na nikayatafuta kweli. Siku ya maziko nilisimama mbele ya sanduku la mbao na maneno mazuri sana juu ya mbegu na udongo na uzima wa milele. Watu wetu wa Nyamitaba walitazama chini kama wako misani. Nilisikia sauti yangu mwenyewe inanichosha. Mke wake akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Huyo si yeye."

Alisema kweli. Nikayaacha maneno yangu palepale. Nikavua kitambaa cha kichwa, kama yeye alivyovua kofia, nikaanza:

"Ulizaliwa ukiwa mutoto..."

Na hapo, Mungu wangu, nikakwama. Tangu siku ya mtoto wangu sikuwa nimeutamka mstari wa pili, hata kwa mzaha. Ua wote ukangoja. Watu wa Mpofi wakatazamana, wakijiuliza kama nimesahau. Nilikuwa nimeahidi, na sasa nasimama pale nikikunja kitambaa mikononi, naye anakwenda kuzikwa kimya.

Mke wake akausema. Akausema kwa nguvu, na watu wetu wote wakamfuata, wakicheka na kulia kwa pamoja: "Ukakufa umekwisha kukuwa!"

Wakaendelea hadi mwisho, moto kwa moto, kwetu kwa kwetu. Kisha wanaume wakainua sanduku.