Mzee Trei na Kona ya Nne

Kwa miaka ishirini na moja Mzee Trei alibeba mayai kwenye pikipiki, trei kumi na mbili kila safari, kutoka kwenye mabanda ya kuku hadi madukani, na hakuna mwenye duka aliyewahi kumrudishia yai lenye ufa. Siri yake ilikuwa moja: kwenye kona unapunguza mwendo mpaka wenye baiskeli wakupite, unakaa wima kama nguzo, na pikipiki ikitaka kulala iache ilale kidogo peke yake, wewe usilale nayo. Watu walimcheka. Yeye alisema waacheni wacheke, mayai hayacheki.

Sasa mtu kama huyo, Mungu si Athumani, akapewa binti anayeshindana mbio za pikipiki! Siku za kazi binti alifundisha wanaotafuta leseni. Jumamosi moja kila mwezi alivaa suti ya ngozi, akailaza pikipiki mpaka goti likasugua lami. Mzee hakuwahi kwenda kumtazama. Jioni za mashindano alikaa sebuleni akijifanya anasikiliza redio, kumbe anasikiliza hatua za mwanawe barazani, ajue kama anachechemea.

"Unamlaumu nani?" mkewe alimuuliza. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Si wewe uliyempakia kwenye tangi kabla hajaota meno?"

Kila wiki mzee alimwambia binti aache mchezo ule. Siku moja, katikati ya chakula, binti akaweka kijiko chini.

"Baba, njoo ujifunze kona moja tu. Ya nne, ile unayofumba macho ukiiona kwenye video. Siku ukiielewa, ukiniambia niache, nitaacha. Naapa mbele ya mama."

Kona moja! Mzee akaona huu ushindi wa bure, akakubali hapo hapo kabla binti hajabadili mawazo.

Haya. Jumapili asubuhi wakaenda kwenye uwanja wa ndege wa zamani, uliofungwa, ambako kona zilichorwa kwa chokaa juu ya lami. Binti akampa pikipiki nyekundu yenye kiti kilichobinuka nyuma, akaanza somo, na akili za mzee zikaanza kuruka.

"Kabla ya kona, baba, samahani, sogeza… hiyo sehemu ya kukalia. Nusu ibaki kwenye kiti, nusu itoke nje, upande unaokwenda."

"Itoke iende wapi?"

"Nje tu. Goti la upande wa pili libane tangi. Kifua kishuke. Mikono ilegee, kama umeshika kifaranga."

"Nikilegeza mikono, anaendesha nani?"

"Wewe. Halafu ukitaka kwenda kulia, upande wa kulia wa usukani usukume mbele."

"Nikiusukuma mbele si gurudumu litageukia kushoto?"

"Ndiyo. Ndipo pikipiki inapolalia kulia."

Mzee akamkazia macho aone kama anataniwa. Hataniwi.

"Na usitazame mbele ya gurudumu, baba. Tazama utakakotokea."

Raundi ya kwanza aliyatazama majani ya pembeni kuhakikisha haendi huko, akaenda huko huko. Aliinuka na majani mdomoni, hajaumia ila heshima. Raundi ya sita alisukuma alipotakiwa kulegeza, akalegeza alipotakiwa kubana, akamuuliza binti kama kulia ni kule kule kwa siku zote.

Ubaya ni kwamba somo lilimfuata mpaka nyumbani. Jumatatu, trei kumi na mbili mgongoni mwa pikipiki yake, alifika kwenye kona ya duka la mikate aliyoipinda maelfu ya mara, akajiuliza: hivi mimi huwa nasukuma au navuta? Miaka yote mikono yake haikuwahi kuulizwa swali. Ikasita. Pikipiki ikaenda moja kwa moja mtaroni.

Mwoka mikate akatoka na ndoo ya maji na kicheko chake. Mzee alikuwa amekaa ukingoni, ute mpaka viwikoni, analia. Hakulilia mayai. Alilia kwa sababu kitu alichokijua kuliko vyote duniani, leo hakijui, na hakujua alikidondosha wapi.

"Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi," mkewe akamwambia akimpa sabuni. "Rudi kwenye kunyonga kwako, baba wee."

Lakini angerudi vipi? Akiacha kujifunza, binti ataendelea kusugua goti kila mwezi. Akarudi uwanjani Jumapili ya pili, na ya tatu, na kila mara akaelewa pungufu kuliko mara iliyopita.

Jumapili ya nne alikuwa amechoka hata kujiuliza. Aliona chokaa ya kona ya nne inakuja, macho yakaenda mbele yakaisubiri njia ya kutokea, na mwili ukateleza wenyewe ukashuka. Pikipiki ikalala. Ikalala tena. Ikashika! Lami ilikuwa karibu na goti lake mpaka akaona kila kokoto, na akajua kwamba mpira unaoigusa ardhi hauzidi upana wa kiganja. Ilikuwa hatari kuliko alivyowahi kuogopa. Na ilikuwa tamu, Mola amsamehe, na mwanawe aliijua hatari ile kokoto kwa kokoto, vizuri kuliko yeye alivyoyajua mayai. Sasa kipi kizidi kipi, hatari au utamu? Alitoka upande wa pili amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Binti alisimama kwenye chokaa, kofia kwapani. Hakushangilia. Uso ulikuwa umempauka kama wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na hapo mzee akafahamu kwamba kiapo kile hakikuwa maneno ya mezani. Akiambiwa aache, ataacha leo.

"Umeielewa, baba?"

Neno lilikuwa tayari. Alikuwa amelifanyia mazoezi mwezi mzima, njiani na mayai yake. Akahangaika na kamba ya kofia muda mrefu, kamba ambayo ilikwisha kufunguka.

"Hapana," akasema. "Sijaelewa hata kidogo."

Binti, aliyekuwa ameona goti lake lilivyoshuka, akageuka pembeni na kujifuta macho kwa glavu.