Alama za Farasi za Ladislaus Mutalemwa

Ladislaus Mutalemwa hakuzaliwa na hasira. Wanaosema alikuwa mkorofi tangu Bukoba ni waongo, tena waongo wakubwa. Hasira alitiwa, na aliyemtia anajulikana kwa jina: Gunnar Hallgren, mhariri wa gazeti dogo la mbio za farasi lililokuwa likitoka kila Alhamisi mjini Stockholm.

Ladislaus alifika Swideni mwaka 1967 kwa ufadhili wa serikali, kusomea uchapaji. Ufadhili ulipokwisha akabaki, akamwoa Clementina, msaidizi wa wauguzi kule hospitali ya Flemingsberg, wakapata nyumba Vårby gård na mtoto wao Adelina. Kwenye gazeti la Hallgren aliajiriwa kupanga herufi za risasi, basi. Miaka hiyo Waswidi walikuwa wameamua kuachana na ubwana, mkurugenzi na mfagizi wote wanaitana kwa majina yao ya kwanza. Eti usawa! Yeye alimwita mkubwa wake Gunnar, na Gunnar, kwa kuwa Ladislaus lilimchosha ulimi, alimwita Lasse.

Sasa, anayepanga herufi husoma kila kitu, hata upuuzi. Ladislaus alisoma matokeo ya mbio wiki baada ya wiki akaona watu wanachezewa. Gazeti lilisifu farasi kwa sababu ameshinda, halijiulizi amemshinda nani, kwa muda gani, kwa nafasi kiasi gani. Ukishindana na vilema utakosaje kushinda? Akaanza kupiga hesabu zake mwenyewe, kwa penseli, nyuma ya karatasi za majaribio.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Muda uliotangazwa ulikuwa wa mshindi tu. Wa nyuma yake huandikiwa nafasi waliyoachwa: kichwa, shingo, nusu urefu, urefu wa farasi wawili. Yeye aliugeuza kila urefu kuwa sehemu ya tano ya sekunde, au kasoro kidogo, akapata muda wa kila farasi mpaka wa mkia. Kisha aliangalia siku nzima. Kama washindi wote wamechelewa kwa sekunde mbili kuliko kawaida ya umbali wao, basi si farasi wazembe, ni uwanja umelowa, na sekunde hizo lazima ziondolewe. Mwisho aliigeuza nafasi kuwa kilo, kwa maana farasi hubebeshwa uzito kadiri ya uwezo wake, na alama zake hupimwa kwa kilo.

Hapo ndipo penye ufundi, na hapo ndipo wengi huchemsha. Katika mbio fupi za mita elfu moja, urefu mmoja ni kilo moja na nusu, kwa sababu hakuna nafasi ya kupoteza. Katika mbio za mita elfu mbili na mia nne, farasi wamechoka, wa nyuma wameshalegezwa hatamu, na urefu uleule ni robo tatu ya kilo tu. Ladislaus aliyajua hayo kwa kusimama pale kwenye uzio wa uwanja wa mbio wa Täby kila Jumapili, miaka mitatu, saa ya kupimia mkononi, mvua iwe mvua, baridi iwe baridi. Nauli ya treni alijilipia mwenyewe. Akajaza madaftari kumi na moja.

"Baba Adelina," Clementina alimwambia siku moja, "hao farasi wana nini ambacho mimi sina?"

"Hawaniulizi maswali," akajibu, na mkewe akacheka mpaka akaketi.

Hallgren alipoziona alama hizo na kuanza kuzichapisha, gazeti liliruka. Watu waliokuwa wakilinunua kwa kulionea huruma wakawa wanalisubiri vibandani. Na juu ya jedwali, kwa herufi nene ambazo Ladislaus alizipanga kwa vidole vyake mwenyewe, yaliandikwa maneno haya: Alama za Hallgren. Jamani! Mtu asiyeweza kugawanya kumi na saba kwa nne bila kutoa ulimi! Ladislaus aliuliza mara ya kwanza, akaambiwa msimu ujao jina lake litawekwa. Msimu ukaja, ukapita. Akauliza tena, akapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa: wewe ndiye nguzo yetu Lasse, bila wewe tungekuwa wapi Lasse. Jina halikuonekana.

Jumatatu moja ya Septemba 1974 maji yakamfika shingoni. Aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Gunnar, wiki hii jedwali linatoka na jina langu au halitoki."

Hallgren akavua miwani, akaifuta. Hakukasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Lasse, nielewe. Mimi binafsi sina neno. Lakini wasomaji wanataka kuamini kwamba alama zinatoka kwa mtu anayewajua farasi. Wakiona jina kama lako watadhani ni mzaha."

"Mzaha?"

"Sisemi mimi. Wao."

Damu ilimchemka Ladislaus mpaka masikio yakamlia. Wao! Kila uonevu katika mji ule ulifanywa na wao, na hao wao hujawahi kukutana nao hata siku moja. Alitamani kukipindua kile kimeza. Badala yake akaliendea kabati, akayatoa madaftari yake kumi na moja.

"Hayo ni mali ya gazeti," Hallgren akasema, sasa ameinuka.

"Niitie polisi. Waambie umeibiwa Jumapili zangu."

Akatoka nayo kifuani, hakurudi hata kuchukua koti.

Alhamisi gazeti likatoka kama kawaida. Ladislaus alilinunua stesheni, akalifungua papo hapo, watu wanampiga kumbo. Alama za Hallgren zilikuwapo. Mzee amejipigia hesabu mwenyewe! Farasi aitwaye Norrsken alikuwa ameshinda mbio za mita elfu mbili na mia nne kwa urefu wa farasi wanane, na yule wa pili alikuwa wa alama sitini na mbili. Nane mara robo tatu ni sita: Norrsken ni sitini na nane, haongezewi hata punje. Hallgren alikuwa amezidisha kwa kilo moja na nusu, kipimo cha mbio fupi, akampa sabini na nne na kumtangaza bingwa wa Jumapili inayokuja.

"Mjinga kabisa," Ladislaus akasema kwa Kihaya, kwa sauti, na hakujali nani amesikia.

Usiku ule hakulala, na Clementina naye hakumwambia alale. Kesho yake wakachapa stensili kwa taipureta ya kuazima, mke anasoma namba, mume anagonga. Wakaenda kuidurufu kwenye ukumbi wa kanisa. Ukurasa mmoja tu, na chini yake, kwa herufi kubwa: Ladislaus Mutalemwa, Vårby gård. Kwenye jedwali lao Norrsken alikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa jike mmoja mdogo, Lillan, alama sabini.

Jumapili akasimama kwenye lango la Täby na karatasi zake. Watu walewale walioishi kwa namba zake miaka mitatu wakampita wakitazama viatu vyao. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu akasimama, akanunua moja, akaisoma, akakunja uso.

"Hizi umemwibia Hallgren."

Ladislaus alitamani kumzaba kofi. "Hallgren anasema Norrsken. Mimi nasema Lillan. Nenda katazame, halafu uje unitukane vizuri."

Mtu yule akaenda. Mbio zikakimbiwa. Lillan akashinda kwa urefu wa farasi wawili, Norrsken akaja wa nne, ulimi nje. Nusu saa baadaye mwenye kofia akarudi langoni mbiombio, uso umemwiva, karatasi imekunjikakunjika mkononi.

"Loo, umesema kweli!" akasema. "Hallgren kachemsha kabisa leo. Sasa niambie, tafadhali, sitamwambia mtu. Nani anakupigia hesabu hizi?"

Ladislaus alimshika mkono yule bwana, si kwa upole, akamfungulia karatasi, akakichukua kidole chake cha shahada na kukikandamiza pale chini palipoandikwa jina.

"Soma," akasema.

"Mu... Muta..."

"Lote."

"Mutalemwa," mtu yule akasema, uso umempauka.

"Tena," akasema Ladislaus, wala hakuuachia mkono.