Pweza katika Saluni ya Wivine

Katika saluni ya Wivine, kwenye komini, yaani wilaya, iitwayo Kenya mjini Lubumbashi, Kongo, anayesukwa ndiye anayesoma. Hiyo ndiyo sheria, na mgeni huambiwa kabla hajakaa kitini. Akisema hajui kusoma, aliye jirani atamsomea. Akisema amesahau miwani nyumbani, kuna miwani ya akiba kwenye droo ya vitana, imefungwa uzi upande mmoja, lakini inaonyesha vizuri tu.

Sheria hiyo ilizaliwa kwa ugomvi. Zamani saluni ile ilikuwa ya umbea kama nyingine zote. Kusuka rasta nyembamba ni kazi ya kutwa, na midomo ya watu haipendi kukaa bure. Siku moja mteja alikuwa akisimulia kwa raha zake jinsi mume wa fulani alivyoonekana mtaa wa Naviundu na mwanamke mwingine. Hakujua kwamba huyo fulani alikuwa amekaa nyuma yake, kichwa kimefungwa taulo. Taulo likavuliwa. Vitana viliruka, kioo kikubwa kikapasuka, mafuta ya nywele yakamwagika hadi barabarani. Walipokwisha kuamuliwa na kila mmoja kwenda zake, Wivine alisimama katikati ya vigae vya kioo, akaapa kwamba habari za waume wa watu hazitaingia tena kwenye saluni yake.

"Sasa tutafanya nini siku muzima?" akauliza Adija, aliyekuwa akiuza vitenge pale mlangoni.

Wivine akatazama huku na huku. Juu ya rafu, chini ya magazeti ya mitindo, kulikuwa na riwaya ya Kifaransa ambayo mteja mmoja aliisahau na hakurudi kuichukua.

"Tutasoma," akasema. "Miye mikono yangu iko na kazi. Yenu inalala tu."

Walimcheka. Walicheka mpaka ukurasa wa pili. Ilikuwa hadithi ya mjane wa mchimba shaba aliyekataa kutoka katika nyumba ya kampuni baada ya mumewe kufa. Wakubwa walikuja na karatasi, wakaja na askari, yeye akaendelea kupika sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, jikoni kana kwamba hawaoni. Jioni ile, mwanamke aliyekwisha kusukwa, akalipa, akajitazama kiooni na kuridhika, hakuondoka. Wivine alipomuuliza kama kuna kilichoharibika, alishangaa, akamwita yaya, yaani dada mkubwa, kama wote walivyomwita.

"Nitoke namna gani, yaya, na ule mukubwa wa kampuni iko ku mulango?"

Tangu hapo vitabu vikaanza kuja vyenyewe. Wengine walivitoa kwa watoto wao waliomaliza shule, wengine waliviokota kwenye mitumba, mmoja alileta kitabu cha ufugaji wa nyuki, nacho kikasomwa chote. Msomaji aliyependwa kuliko wote alikuwa Marie-Thérèse, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye kila mtu alimwita Maîtresse. Alisoma Kifaransa chake taratibu, hakuna herufi iliyoachwa nyuma, na mwisho wa kila ukurasa alinyamaza ili wanawake waurudie kwa Kiswahili chao, waugombanie, waupatanishe.

Naye Wivine alisikiliza. Alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, na tangu utoto vidole vyake vilijua nywele kuliko kalamu. Lakini masikio yake yalikuwa makali. Msomaji akiruka mstari, yeye alijua. Akipendezwa na neno alisema, "Rudia pale," na lilirudiwa. Kosa lake lilikuwa moja tu: hadithi ikipamba moto, vidole navyo vilikaza.

"Yaya Wivine, kichwa yangu!" wateja walilia, hadithi ikiwa ya majambazi. "Babaya ni bale bandits, hapana miye!"

Akiwa peke yake alisoma kidogo, tena kwa namna yake. Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kizingiti cha nyumba, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akafungua ukurasa uliompendeza wiki ile na kuusoma upya kwa kunong'ona, mdomo ukichezacheza. Hakusoma ukurasa mpya. Mpya aliuacha kwa ajili ya wenzake, kwa sababu kuutangulia aliona kama kula kabla wageni hawajanawa.

Mwaka mmoja Marie-Thérèse alileta kitabu kilichowachukiza wote kwa kukiona tu. Kilikuwa kipana, kina picha za rangi, ni cha wajukuu zake: wanyama wa chini ya bahari. Wanawake wakanung'unika kwamba wao si watoto wa shule, tena bahari yenyewe hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Lakini kitini alikuwa amekaa Maîtresse, na sheria ni sheria.

Akasoma habari za mnyama asiye na mfupa, mwenye mikono minane, ambaye kwa Kifaransa anaitwa pieuvre. Jike lake hutaga mayai madogo kama punje, halafu huyasuka kwa nyuzi na kuyaning'iniza kwenye dari ya pango.

"Anasuka?" Wivine akasimamisha vidole.

"Anasuka. Iko hapa, angalia picha."

Wote wakainuka kutazama. Mayai yalikuwa yamening'inia mafungumafungu, yamesukwa kweli, kama kichwa cha bibi harusi. Marie-Thérèse akaendelea. Mama yule hukaa mlangoni mwa pango akiyapulizia mayai maji safi usiku na mchana. Haendi kutafuta chakula. Hali chochote. Anakonda, rangi inamtoka, na watoto wakishatoka kwenye mayai na kuogelea zao, yeye anakufa.

Nje pikipiki zilipita, muuza maandazi akaita wateja, hakuna aliyegeuka.

"Hata kidogo hakuli?" mmoja akauliza.

"Hata kidogo."

"Ule njo mama, mama kweli!"

"Mama gani?" mwingine akapinga. "Akikufa, batoto bake nani atabalea? Ule hana akili. Angekula kidogo, angebaona benye kukomaa."

Mabishano yakawaka. Aliyekuwa na wanaye sita alisema hivi, aliyezaa mmoja tu akasema vile, na bibi mmoja aliyekuja kupaka rangi nywele zake nyeupe akafuta macho. Hapo ndipo Adija alipoingia kutoka kwenye meza yake ya vitenge. Alikichukua kile kitabu, akaitazama picha, akasogea nayo mlangoni penye mwanga.

"Hii kintu," akasema polepole, "babu yangu alikuwa anaita pweza."

Babu yake Adija, Mzee Shafi, alikuwa fundi cherehani wa ukoo wa Maniema, na wazee wake walitokea pwani. Adija alipokuwa mdogo alikuwa na tabia ya kumng'ang'ania babu kwenye kanzu asiende msikitini bila yeye, na babu alikuwa akimbandua vidole huku akisema, "Niachie, we pweza wa mikono minane, niachie!" Maisha yake yote Adija alidhani pweza ni tusi, au jina la jini. Hakuna aliyewahi kumweleza, na mzee mwenyewe alishakufa.

"Kumbe ni huyu," akasema. "Kumbe ni mikono yangu alikuwa anasema."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Wanawake wakaomba walisikie tena neno lile, wakalijaribu mmoja mmoja, pweza, pweza, na kwa muda wa wiki nzima hakuna aliyelitaja lile neno la Kifaransa. Adija alitembea mtaani akiwa ameinua kichwa kama mtu aliyerithi shamba.

Mwezi wa Desemba ulipokaribia, alikuja kusukwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Karavia, jina lake Abigaïl. Aliambiwa sheria, akasoma, na kabla ya kuondoka alieleza kwamba yeye na rafiki zake wana kawaida ya kukutana kila mwisho wa mwaka. Kila mmoja anasema ni vitabu gani alivyovipenda mwaka ule na jinsi anavyosoma. Akamwomba Wivine aje.

Wivine alikubali kwa furaha, lakini alipofika nyumbani, mumewe akaimwagia maji furaha hiyo. Jean-Claude alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwema, na aliyasema haya akiwa anamega bukari, ugali wao wa jioni, akimwita kwa jina la mtoto wao, bila nia mbaya.

"Utaenda kusema nini kule, Mama Keren? Weye haunasomaka. Weye unasikilizaka tu."

Neno lile lilimwingia kama mwiba. Kesho yake, akiwa anamtengeneza Marie-Thérèse nywele, alishindwa kuvumilia.

"Maîtresse, kusikiliza ni kusoma?"

Mwalimu alikifunga kitabu juu ya kidole chake.

"Nilifundisha batoto myaka mingi," akasema. "Bengi banasoma ukurasa muzima bila kukosea, ukiuliza ndani muko nini, hakuna. Weye nikikosea hata jina ya muntu moja, unanikatiza."

"Sasa jibu ni nini?"

"Jibu nimekupa. Suka."

Jumapili ya mkutano huo, baada ya chakula cha mchana, walikwenda Karavia wote watatu, Wivine, Marie-Thérèse na Adija, wamevaa kitenge cha aina moja ambacho Adija alikikata kwenye robota jipya. Viti vilikuwa vimepangwa uani kwa Abigaïl, chini ya turubai, na juisi ya nanasi mezani. Watu waliongea Kifaransa. Bwana mmoja, Liévin, daktari, alisema yeye husoma ndani ya gari tu, akisubiri watoto watoke shule, na kwamba mwaka huu alipenda masimulizi ya msafiri aliyefuata mto kwa miguu. Mama mwingine alikiri kwamba kila riwaya huianzia ukurasa wa mwisho. Adija akashika kifua.

Zamu ya Wivine ikafika. Akasimama. Mikono yake, iliyozoea kuwa kazini anapofikiri juu ya vitabu, haikujua pa kukaa. Alianza kwa Kifaransa, sentensi ya kwanza ikatoka, ya pili ikampotea.

"Sema tu vile unasemaka kule ku saluni," Abigaïl akamwambia.

Basi akasema. Aliwaeleza jinsi kitabu kinavyosomwa kwake, kwamba ukurasa mmoja unaweza kuchukua muda wa kusuka kichwa kizima kwa sababu ya mabishano. Aliwaeleza habari za mjane wa nyumba ya kampuni mpaka daktari akasahau juisi yake. Akaeleza miguu katika beseni. Alipofika kwa yule mama wa pangoni, mikono yake ilikuwa imekwisha kupata kazi: ilikuwa inasuka hewani, inaning'iniza mayai darini fungu kwa fungu, na watu walikuwa wanaitazama.

"Na kwa Kiswahili anaitwa nani?" Liévin akauliza.

Wivine angeweza kujibu. Akageuka badala yake, akamtazama Adija. Adija alisimama wima.

"Pweza!" akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. "Ni neno ya babu yangu."

Ua mzima ukacheka na kulirudia. Abigaïl akataka kujua sasa, kati ya yule mjane na huyu pweza, ni kitabu gani hasa Wivine alikipenda kuliko vyote.

"Ya bahari," Wivine akajibu. "Juu ya ule mujane, shiye wote tulisikilizana. Juu ya pweza tunagombana mpaka leo." Akafikiri kidogo, kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga. "Miye niko musomaji. Ninasomaka na masikio, lakini niko musomaji."

Hakuna aliyebisha. Walipiga makofi, na Marie-Thérèse, ambaye darasani hakuwahi kumsifu mtu ovyo, alipiga kwa muda mrefu kuliko wengine. Wakati wa kuondoka, mama yule wa ukurasa wa mwisho alimfuata Wivine hadi getini, akauliza kama Jumamosi kiti kina nafasi.

Nyumbani Jean-Claude aliuliza mambo yamekwendaje. Wivine alimweleza yote, akasisitiza lile la kuwa msomaji. Jean-Claude akakuna kichwa.

"Musomaji," akasema. "Sawa. Lakini miye pia nitakuja kusikia hiyo ya mujane, muisome tena ku saluni." Na akaja kweli, akakaa kwenye kigoda pembeni, mwanamume peke yake, hadi njaa ilipomtoa.

Baada ya sikukuu, wateja walimletea Wivine habari wakidhani atakasirika. Mama Chola, mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, ametundika kibao kipya: *Tunasuka, Tunasoma.* Wivine alichukua pochi yake akavuka barabara kwa kisingizio cha kuazima mashine ya kukaushia nywele, akakaribishwa kiti, akakaa, akasikiliza sura nzima ya hadithi ya ndugu wawili waliogombea shamba. Aliporudi, wote walikuwa wanamsubiri mlangoni.

"Banasoma namna gani?"

"Mbio mbio," Wivine akasema, akifunga aproni yake. "Kama bantu banaogopa mvua. Hakuna hata mumoja mwenye kuuliza kintu." Akamkalisha mteja wake, akampasua nywele mstari kwa kitana, na tabasamu likamshinda. "Lakini banasoma."